Mjane wa Kwenye Rekodi

Festo tulimzika Iringa mwezi uliopita, kwenye mvua nyembamba isiyokatika, na mimi nilikaa nyuma kabisa ya turubai pamoja na watu waliokuja kwa sababu ya kazi na si kwa sababu ya ukoo. Pembeni yangu alikuwa binti mmoja, mnasihi wa hospitali, hajafika thelathini, macho yamevimba kwa kulia. Aliniuliza kama na mimi nilifundishwa na marehemu. Nikamwambia nilifanya naye kazi zamani, Mbeya, mwaka mmoja tu. Uso ukamchangamka. Akasema yeye alikaa darasani kwa marehemu siku chache tu, lakini unasihi aliujua kwa kusikiliza rekodi yake, ile ya mjane wa Igawa, ambayo mpaka leo anayo kwenye simu na huisikiliza kila anapongojea mteja mgumu. "Mama yangu," akaniambia, "ukisikia pale anapomwuliza wazo gani lilikujia, unajua kabisa hiki kilikuwa kipaji." Nilimwitikia kwa kichwa. Wali ulipoanza kugawiwa niliaga, nikasema nawahi basi, na haikuwa kweli, kwa sababu basi langu lilikuwa la kesho yake. Nilikwenda kulala kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi bila kula, nikiwa na hasira ambayo nilidhani ilishaniisha tangu ujana.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, na kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Kulikuwa na mradi uliofundisha wauguzi na maofisa ustawi wa jamii kutoa tiba ya mazungumzo kwa watu wenye sonona, ile tiba inayomsaidia mgonjwa kuyakamata mawazo yanayomwangusha, kuyapima kama yana ushahidi, kisha kujaribu kuishi bila kuyatii. Kila kikao kilirekodiwa kwa ridhaa ya mgonjwa. Wapimaji tulikuwa wawili, mimi Tumpe na mwalimu mstaafu aliyeitwa Kihwele, na juu ya kila rekodi tulijibu mambo mawili. La kwanza ni uaminifu: je, mnasihi amefanya yaliyo kwenye mwongozo bila kuingiza ya kwake, kama mahubiri, au nasaha za shangazi kwa bibi harusi? La pili ni ustadi, maana mtu anaweza kuufuata mwongozo neno kwa neno na bado akawa kama anasoma matangazo ya vifo redioni. Ustadi ulikuwa na vipengele vyake, kuanzia kupanga ajenda na kumwelewa mteja, mpaka kuongoza kwa maswali na kutoa kazi ya nyumbani, na kila kipengele kilipewa alama kati ya sifuri na sita. Hatukuruhusiwa kushauriana. Kila mtu alisikiliza peke yake na kuweka alama peke yake, halafu mkuu wa mradi, Dokta Hilda, alizilinganisha. Tukikaribiana ilikuwa sifa ya mradi. Tukiachana ilikuwa kasoro, na kasoro ilitafutiwa dawa.

Chumba cha kusikilizia kilikuwa ghorofani Mwanjelwa, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye jengo alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi ambaye mkewe alitupandishia chai ya maziwa yenye iliki kila asubuhi, akiiweka mlangoni bila kuingia, kwa sababu aliambiwa humu ndani kuna siri za wagonjwa. Madirisha tuliyaziba kwa magodoro ili kelele za makondakta na za mabati yanayoshushwa chini zisitufikie, na kwa hiyo mchana tulikaa kwenye mwanga wa taa kama watu walio chini ya ardhi. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Mbeya iliingia hata kwenye nyaya za vipokea sauti. Ulivibandika masikioni ukashtuka. Mwalimu Kihwele alivaa kofia ya sufu na kufunika magoti kwa khanga ya mkewe. Alikuwa mtu wa haki, nasema hivi nikijua yaliyokuja baadaye. Akivivua vipokea sauti na kuguna nilijua mnasihi amehubiri tena. Saa saba tulishuka kula kwa mama lishe aliyepika wali na maharage na kukata parachichi vipande vinene, naye aliamini sisi ni mafundi redio. Ofisi ya Dokta ilitengwa na chumba chetu kwa ubao mwembamba wa plywood. Tulimsikia akizungumza kwenye simu na waliotoa fedha, na mara zote sauti yake ililainika alipofika kwenye maneno haya: wapimaji wangu wanakubaliana vizuri sana.

Festo alikuwa mmoja wa wanasihi. Muuguzi wa Iringa, Mhehe, mrefu, mwenye sauti ya chini iliyomfanya mtu asogeze kiti. Siku za kliniki alikuwa kituo cha afya cha Igawa, na Jumamosi alikuwa kwangu Soweto, mtaa wa hapohapo Mbeya, anamenya ndizi za kupika huku akilalamika kwamba sisi Wanyakyusa tunaweza kula ndizi mpaka Kiyama. Tulikuwa tumeshaambiana kwamba mwaka ukiisha wazee wake watakuja kwetu Tukuyu kuleta posa. Nilimweleza Dokta jambo hilo mapema, nikasema si sawa nipime rekodi za mtu ambaye nitaolewa naye. Akaniuliza mpimaji mwingine atamtoa wapi katikati ya mwaka. Akasema wewe sikiliza kazi, usimsikilize mtu. Nikajitahidi. Na kazi yake ilikuwa nzuri, sitamnyang'anya hilo hata leo. Wanasihi wengine walikimbilia kufariji kwa sababu machozi yaliwatisha. Festo aliyaacha machozi yatoke, kisha akauliza kitu kidogo ambacho hukukitegemea, na ungesikia mgonjwa akivuta pumzi kama aliyetua mzigo.

Rekodi ya mjane ilikuja mwishoni mwa baridi. Jina lake nalijua ila nitamwita Mama Zawadi. Mumewe alikuwa amefariki, akamwachia watoto wawili, nyumba ya matofali ya kuchoma karibu na barabara kuu na kipande cha mashamba ya mpunga. Hali chakula, halali, haongei na mtu. Kilichomkaa kichwani ni kwamba shemeji yake, mdogo wa marehemu, anataka kumtoa kwenye nyumba. Katikati ya kikao alisema jambo ambalo mpaka sasa nalisikia kwa sauti yake mwenyewe, iliyokwaruza kidogo kwa kulia. Alisema shemeji alikuja na fundi, akapima madirisha yote, akaondoka bila kusema lolote. Festo akamwuliza kwa upole, "Ulipowaona wanapima madirisha, wazo gani lilikujia?"

Ni swali zuri. Lipo kwenye mwongozo, na mafunzo yote yalilenga mnasihi aweze kuliuliza kwa wakati wake bila kulilazimisha. Mama Zawadi akajibu kwamba wazo lililomjia ni kwamba amekwisha. Kuanzia hapo wakaendelea pamoja, na nitakuwa mwongo nikisema hapakuwa na uzuri ndani yake. Waliorodhesha yanayounga mkono wazo hilo na yanayolipinga. Shemeji aliwanunulia watoto sare za shule. Shemeji alimsalimia kanisani Jumapili. Shemeji amemwalika Chimala kwenye sendofu ya binti yake anayeolewa, na mtu anayekuchukia hakualiki. Yanayopinga yakawa mengi. Mwisho wa kikao wakakubaliana kazi ya nyumbani: aende Chimala, alale huko na wenzake, asaidie jikoni, kisha aje aeleze kama lile analoliogopa limetokea. Na pale mwishoni kabisa Mama Zawadi akacheka. Akasema labda kweli amekuwa kama kuku aliyenyeshewa, kila kivuli anadhani ni mwewe. Festo naye akacheka.

Niliirudia sehemu ya madirisha mara kadhaa. Swali langu lilikuwa la kijinga kabisa: alipima kwa nini? Mtu hapimi madirisha ya nyumba ya mwenzake kwa mapenzi. Festo hakuuliza, na mimi nilikuwa nimeketi juu ya duka la nondo na vitasa, kila siku naona watu wanaingia na vipimo vya madirisha mkononi, wote wana nyumba wanayotaka kuimaliza. Kwenye uaminifu nilimpa alama zote. Kwenye kuongoza kwa maswali nilimpa nyingi. Kwenye kumwelewa mteja nikampa mbili, na kwenye kazi ya nyumbani moja, nikaandika sababu. Mwalimu Kihwele alimpa tano na sita.

Dokta akatuita. Mwalimu alieleza hoja zake kwa utulivu, kwamba kipengele cha kumwelewa mteja kinauliza kama mnasihi ameingia kwenye mtazamo wa mteja, na Festo aliingia kuliko yeyote tuliyemsikia. Nikasema ameingia kwenye hofu ya mama ila hakuingia kwenye nyumba yake. Dokta akaniambia, bila ukali wowote, "Tumpe, sisi si baraza la kata. Hatupimi kama shemeji ni mwizi, tunapima kama tiba imetolewa inavyotakiwa." Akaniomba niisikilize upya na kufikiria. Niliisikiliza upya na alama nikaziacha palepale. Basi rekodi ikapelekwa kwa mpimaji wa tatu huko Dar es Salaam, mtu ambaye pengine Igawa hakuwahi hata kusimama kununua mchele, naye akakubaliana na Mwalimu. Zangu zikawekwa kando.

Alama za wapimaji zilikuwa siri kwa wanasihi, lakini ofisi ile ilikuwa na ukuta wa plywood, na maneno yakamfikia Festo. Jumamosi iliyofuata Festo alikuja kwangu na hakugusa ndizi. Alikaa kwenye kigoda akiwa bado na koti. Nilidhani tutajadili kikao, mimi nilikuwa na mengi ya kusema juu ya yale madirisha, lakini yeye alitaka kujua jambo moja, kwa nini nimemfanyia vile mbele ya watu. Nikamwambia sikumfanyia yeye, nilikuwa namfikiria mama. Akacheka kwa pua. Kisha akasema, "Ningemwuliza habari za fundi, ningekuwa nimetoka kwenye mwongozo, na wewe huyohuyo ungeninyima alama za uaminifu. Sasa nielekeze, Tumpe, mimi nilitakiwa nifanye nini?" Alikuwa sahihi kuhusu mimi. Baadaye sana niligundua kwamba mwongozo wa asili una sura nzima juu ya mgonjwa ambaye shida yake ni ya kweli, namna ya kumsaidia kuikabili badala ya kuipima kama wazo. Kwenye mwongozo wetu sura hiyo ilipunguzwa ikawa aya moja, ili vikao vitoshe muda wa mradi.

Mama Zawadi alikwenda Chimala. Alisaidia jikoni, akaimba na wenzake, akapewa kitenge cha sare. Aliporudi Igawa na watoto wake alikuta kufuli jipya mlangoni, na vyombo vyake vimepangwa vizuri nje chini ya ukuta, mpaka sufuria zimefunikwa. Ndani ya nyumba fundi alikuwa anafunga fremu za madirisha. Shemeji hakuwa hata na haraka. Alimwambia kiwanja ni cha baba yao, na kwamba Mama Zawadi na marehemu hawakufunga ndoa yoyote inayojulikana. Alipolalamika, baraza la kata likamwambia alete mashahidi wa ndoa. Mashahidi wote walikuwa ndugu wa shemeji, walewale aliokula nao sendofu Chimala.

Habari hizo zililetwa na muuguzi wa zamu pale kituoni, na Dokta Hilda alizisoma kwenye kikao cha Ijumaa kwa sauti ya huzuni ya kweli, naamini. Kisha akasema ni tukio la kijamii lililo nje ya tiba. Mama huyo alikuwa ameshapimwa sonona yake kabla ya kwenda Chimala, ikaonekana imeshuka sana, kwa hiyo kwenye hesabu za mradi alikuwa amepona. Mwalimu Kihwele alikuwa akiitazama kofia yake. Tulipobaki wawili akaniambia, "Mwanangu, mimi niliweka alama nilizoziona," na nikamjibu ndiyo Mwalimu, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu alikuwa na umri wa baba yangu. Festo naye alikuwepo. Nilimngoja ngazini, nikimwonea huruma, nimeshaandaa maneno ya kumpa pole. Alinipita kama anayempita mtu asiyemfahamu. Nilifikiri ni aibu tu, itamwisha. Sikujua kwamba mtu anaweza kukusamehe ukimkosea, akashindwa kabisa kukusamehe ulipoona jambo ambalo yeye hakuliona. Nimeishi na mume mwingine, nimezaa, nimefundisha sekondari mpaka mvi zimenitoka, na bado jambo hilo sijalizoea.

Mwisho wa mwaka ulifanyika mkutano wa mafunzo Iringa, kwenye ukumbi wa hosteli ya kanisa, kwa wanasihi wapya wa mikoa ya nyanda za juu. Ukumbi ulikuwa na madirisha marefu na viti vya chuma vilivyopitisha baridi kwenye sketi. Tulikunywa chai kwa viazi vitamu, tukafanya maombi, kisha Dokta akasema atawasikilizisha mfano wa kikao ambacho wapimaji waliobobea wamekipa alama za juu kuliko vyote. Nilijua kabla hajabonyeza. Sauti ya Mama Zawadi ikajaa ukumbini kwenye spika kubwa za kwaya. Watu wapatao mia walimsikia akilia, wakaandika. Walimsikia akisema habari za fundi, wakaandika swali la Festo. Alipocheka mwishoni na wao wakacheka naye, halafu wakapiga makofi. Festo alikuwa kiti cha mbele na shati jipya jeupe. Nilingoja ageuke, au ashike kichwa, au atoke nje. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza wimbo alioutunga mwenyewe.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga. Nikasema huyo mama alifuata kazi ya nyumbani mliyoisikia, na aliporudi alikuta ametolewa kwenye nyumba yake, na madirisha yalikuwa yamepimwa kwa sababu hiyo. Vichwa vikageuka kunitazama. Dokta Hilda alimgeukia Festo akamwuliza kama angependa kusema neno. Festo akainuka, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa sauti yake ileile ya chini, "Dada Tumpe anazungumzia mambo ya ardhi. Ni mambo mazito, na yana wataalamu wake. Sisi hapa tunajifunza tiba." Aliniita dada Tumpe mbele ya watu, yeye ambaye mwezi wa tano alikuwa ameshamtaja mshenga. Mchana nilikula peke yangu kwenye veranda, pilau iliyopoa, na kupitia dirishani nikasikia wapishi wawili wanaulizana yule dada wa sweta nyekundu ana matatizo gani. Nikasikia vilevile Dokta akimwambia Festo kwamba mwakani mradi unahitaji mkufunzi mkuu, na Festo akishukuru.

Sikungoja mkutano uishe. Kesho yake nilipanda basi la Mbeya na nikashuka Igawa. Nilimpata Mama Zawadi nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, alikopanga chumba kimoja, amekaa kwenye gunia anachagua mchele kwenye ungo. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Ilinisumbua sana kwamba yeye hakunijua kabisa na mimi nilijua hata namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema jambo gumu. Nikajitambulisha, nikasema mimi ni mmoja wa watu waliosikiliza mazungumzo yake. Akanikaribisha gunia jingine. Aliniuliza kama yule kaka wa kituoni hajambo, nikasema hajambo. Aliniuliza tulikuwa wangapi tuliomsikiliza. Nilianza kusema wachache, nikashindwa, nikamweleza habari za ukumbi wa Iringa.

"Wakasemaje?"

"Walipiga makofi."

Aliendelea kutoa chuya na mawe, anayatupa pembeni bila kutazama. Kuku walikuwa wanazunguka miguu yetu. Akasema, "Mimi nilimwambia habari za madirisha."

"Ulimwambia, dada. Nilisikia."

"Tena kwa Kiswahili, si kwa Kisangu cha kwetu."

Akaniuliza kama ni kweli mwishoni anasikika anacheka, maana yeye anakumbuka kwamba alicheka na hakumbuki alicheka nini. Nikamwambia ni kweli. Akaweka ungo chini, akajifuta vumbi la pumba mikononi. Alisema kule kulia hakumwudhi, mtu aliyefiwa analia, wamsikie tu. "Ila mwambie mkubwa wenu anifutie pale ninapocheka," akasema. "Pale tu."

Nilimwahidi. Jumatatu nilipanda ngazi za Mwanjelwa na kulifikisha ombi lake kama alivyolisema. Dokta Hilda alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia mkataba wangu hautaendelea mwakani, kisha akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba kipande hicho hakiwezi kufutwa, kwa sababu ndicho kinachowaonyesha wanafunzi kwamba tiba imefanya kazi.